Faragha ya Mgonjwa Mbele ya Sheria: Kutoka Kiapo cha Tabibu hadi Jalada la Kielektroniki

Utangulizi

Mgonjwa anapoketi mbele ya tabibu hueleza mambo ambayo pengine hajawahi kumweleza mwenzi wake, mzazi wake wala kiongozi wake wa dini. Huyaeleza kwa sababu anaumwa, na kwa sababu anaamini kuwa maneno yake yatabaki chumbani humo. Imani hiyo ni sehemu ya tiba. Ikivunjika, mgonjwa huficha dalili, hutaja jina lisilo lake dirishani, huacha dawa, au husafiri kwenda kituo cha mbali ambako hakuna amjuaye. Watumishi wa kliniki za tiba na matunzo kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI (VVU) wanawafahamu wagonjwa wa namna hiyo. Siku nauli inapokosekana, dozi nayo hukosekana.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Mpita njia hajui kilichomo mtungini. Kata, iingiayo na kutoka kila siku, ndiyo ijuayo. Katika kituo cha afya kata ni nyingi: tabibu, muuguzi, mtaalamu wa maabara, mfamasia, mtunza kumbukumbu, mhasibu, karani wa bima, na siku hizi fundi wa mfumo wa kompyuta. Mara nyingi siri ya mgonjwa huvujishwa na mtu aliyepewa ufunguo kwa halali, kisha akautumia pasipo haja au akauacha mlangoni.

Makala hii inaeleza jinsi sheria ilivyoishughulikia hatari hiyo, mahakamani na katika biashara, kwa kupitia mashauri halisi ya nchi mbalimbali na kuishia katika sheria ya Tanzania. Hoja yake kuu ni moja: zamani sheria ilimtaka mtumishi anyamaze, leo inaitaka taasisi pia iweze kuonyesha nani aligusa taarifa za mgonjwa, lini na kwa sababu gani.

Siri, faragha na ulinzi wa taarifa

Maneno haya matatu hutumika kana kwamba ni kitu kimoja, lakini kila moja lina mahali pake.

Siri ni wajibu wa mtu. Tabibu ameaminiwa, hivyo hapaswi kusema. Wajibu huu ni wa kale: umo katika kiapo cha Hippocrates chenye umri unaozidi miaka 2,000, na umo katika Azimio la Geneva la Chama cha Madaktari Duniani la 1948, ambalo kwa maneno yake ya sasa humtaka daktari atunze siri hata baada ya mgonjwa kufariki.

Faragha ni haki ya mgonjwa. Haitegemei hisani ya tabibu. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya 1977 inalinda nafsi ya mtu, maisha yake binafsi, familia yake na mawasiliano yake. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya 2010 nayo inalinda faragha, na inataja waziwazi taarifa za familia na mambo binafsi ya mtu.

Ulinzi wa taarifa binafsi ni utaratibu. Unahusu namna taarifa zinavyokusanywa, zinavyotunzwa, zinavyotumiwa, zinavyopelekwa kwingine na zinavyofutwa. Mtumishi anaweza kuwa mwaminifu kupindukia, lakini kama jalada limelala wazi kaunta, au kama watumishi kumi wanatumia nywila moja, taarifa hazijalindwa.

Shauri la kwanza: maneno kiwanjani

Mwaka 1990 mwanamume mmoja nchini Afrika Kusini aliomba bima ya maisha. Kampuni ya bima ilitaka apimwe VVU. Daktari wake alipopata majibu kuwa ana maambukizi, alimwahidi kutunza siri. Muda mfupi baadaye daktari huyo alicheza gofu na wenzake wawili, mmoja daktari na mwingine daktari wa meno. Katika mazungumzo akawaeleza hali ya mgonjwa. Habari zikaenea katika jamii waliyoishi.

Mgonjwa alifungua madai. Alifariki shauri likiendelea, na wasimamizi wa mirathi yake wakaliendeleza. Mahakama ya kwanza ilitupilia mbali madai, lakini mwaka 1993 mahakama ya rufani ya nchi hiyo iliamua kwamba daktari alivunja haki ya mgonjwa, ikaagiza fidia ya randi 5,000.

Utetezi wa daktari ulikuwa kwamba waliosikia ni watu wa fani ileile, na kwamba walistahili kujua ili wajikinge. Mahakama iliukataa. Wenzake hawakuwa wakimtibu mgonjwa huyo kwa ugonjwa ule wakati ule, na hapakuwa na sababu ya haraka ya kuwaeleza. Kuwa mtumishi wa afya hakumpi mtu haki ya kujua habari za kila mgonjwa. Haki hiyo hutokana na kushiriki katika matibabu ya mgonjwa husika. Anayezungumza habari za mgonjwa kwenye basi la watumishi, kantini au kundi la WhatsApp anasimama pale pale aliposimama daktari yule kiwanjani.

Lipo jambo la pili la kuzingatia. Mgonjwa alifariki kabla ya hukumu, na randi 5,000 hazikuwa fedha nyingi. Sheria inaweza kutamka kwamba kosa limetendeka, lakini haiwezi kulirudisha neno lililokwisha kutoka. Katika jambo hili kinga ni bora kuliko fidia.

Shauri la pili: jalada lisilo na orodha

Muuguzi mmoja nchini Finland alifanya kazi katika kliniki ya macho ya hospitali ya umma kuanzia 1989. Katika hospitali hiyohiyo alikuwa akitibiwa kitengo cha magonjwa ya kuambukiza, kwa kuwa alikuwa na VVU. Mwaka 1992 alianza kushuku kwamba wenzake kazini wanajua hali yake. Wakati huo watumishi wa hospitali waliweza kufikia majalada ya wagonjwa bila kizuizi cha maana, hata ya wagonjwa wasiowahudumia.

Muuguzi aliomba aambiwe nani alifungua jalada lake. Jibu likawa kwamba haiwezekani kujua. Mfumo ulionyesha mara tano tu za mwisho jalada lilipotumika, nao ulitaja kitengo bila kumtaja mtu. Na hata hayo yalifutika jalada liliporudishwa masjala. Alipokwenda mahakamani alishindwa katika ngazi zote za nchi yake, kwa sababu hakuweza kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyelisoma jalada lake isivyo halali.

Tarehe 17 Julai 2008 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua vinginevyo. Ilisema kwamba kumtaka muuguzi athibitishe nani alisoma jalada, ilhali hospitali ndiyo iliyoshindwa kuweka orodha ya wasomaji, ni kumbebesha mzigo ambao hospitali yenyewe ilimnyima uwezo wa kuubeba. Sheria ya Finland tayari ilitaka taarifa zilindwe. Kilichokosekana ni ulinzi wa vitendo. Haitoshi mgonjwa kuruhusiwa kudai fidia baada ya kuumizwa. Lazima uwepo ulinzi unaozuia watu wasiohusika wasifike kwenye jalada tangu mwanzo.

Hukumu hii haifungi mahakama za Afrika Mashariki, lakini mantiki yake ina uzito popote. Katika mashauri ya faragha mgonjwa huwa na dalili tu: jirani amejua, mwajiri amebadilika, mchumba ameondoka. Ushahidi wenyewe umo mikononi mwa taasisi. Taasisi isiyoweka kumbukumbu za waliofungua majalada haiwezi kujitetea mbele ya mtu mwenye haki, wala haiwezi kumtetea mtumishi wake anayesingiziwa.

Shauri la tatu: orodha yenye nia njema

Mwezi Februari 2015 serikali ya Kenya ilitoa agizo kwamba zikusanywe taarifa za watoto wa shule wanaoishi na VVU, walezi wao, pamoja na kina mama wajawazito na wanaonyonyesha wenye maambukizi. Nia iliyotajwa ilikuwa kuboresha huduma. Shirika la KELIN na walalamikaji wengine walikwenda Mahakama Kuu, wakidai kwamba orodha inayounganisha jina la mtoto na hali yake ya maambukizi inavunja Katiba.

Desemba 2016 Mahakama Kuu ilikubaliana nao. Iliona kwamba agizo hilo lilivunja haki ya faragha na lilikwenda kinyume na maslahi ya mtoto, na ikaamuru taarifa zilizokwisha kukusanywa zihifadhiwe kwa namna isiyounganisha majina na hali ya maambukizi.

Mahakama haikusema kwamba serikali haina haki ya kujua ukubwa wa tatizo. Ili kupanga dawa na lishe, idadi inahitajika, jina halihitajiki. Kila fomu inayopitishwa wodini au shuleni ipimwe kwa swali hilo: je, lengo lake litafikiwa pasipo jina? Likifikiwa, jina liondolewe. Hata pale sheria ya afya ya jamii inapotaka ugonjwa wa mlipuko utolewe taarifa, taarifa hiyo ina njia yake rasmi na mpokeaji wake maalumu. Kutoa taarifa kwa mganga mkuu wa wilaya ni wajibu. Kuitangaza mtaani ni kosa.

Sheria ya Tanzania

Kwa muda mrefu siri ya mgonjwa nchini Tanzania ililindwa na maadili ya taaluma na vifungu vilivyotawanyika katika sheria mbalimbali. Mfano ni sheria ya kuzuia na kudhibiti VVU na UKIMWI ya 2008, inayoyafanya majibu ya kipimo kuwa siri na kutaja watu wachache tu wanaoweza kupewa, mahakama ikiwa mojawapo.

Hali ilibadilika kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hii iliunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa rasmi Aprili 2024. Wanaokusanya na kuchakata taarifa binafsi wanatakiwa kujisajili kwenye Tume, na taasisi ziwe na afisa anayesimamia ulinzi wa taarifa hizo. Hospitali, maabara, duka la dawa na kampuni ya bima haziwezi kusema kwamba jambo hili ni la kampuni za simu na benki pekee.

Taarifa za afya zimewekwa katika kundi la taarifa binafsi nyeti. Kanuni ni kwamba hazichakatwi bila ridhaa ya maandishi ya mhusika, isipokuwa katika mazingira yaliyotajwa na sheria, kama vile matibabu yenyewe yanayosimamiwa na mtaalamu wa afya. Kwa hiyo muuguzi hahitaji kumsainisha mgonjwa karatasi kila anapoandika joto la mwili. Lakini taarifa iliyotolewa kwa ajili ya matibabu ikitaka kutumika kwa jambo jingine, kama tangazo, utafiti au biashara, ruhusa ya matibabu haitoshi.

Sheria inampa mhusika haki ya kujua taarifa gani zinatunzwa juu yake, kutaka zilizokosewa zirekebishwe, kupinga matumizi yanayoweza kumdhuru, kuzuia taarifa zake zisitumike kwa matangazo ya biashara, na kudai fidia anapoumizwa. Anaweza kulalamika kwa Tume bila kuanzia mahakamani. Adhabu nazo si ndogo: mtu binafsi anayefichua taarifa isivyo halali anaweza kutozwa faini hadi shilingi milioni 20, au kufungwa hadi miaka 10, au vyote viwili. Kwa kampuni faini inaweza kufika shilingi bilioni 5.

Sheria hii bado inakua. Mwezi Mei 2024 Mahakama Kuu iliona kwamba baadhi ya vifungu vyake vimeandikwa kwa maneno mapana mno, ikataka virekebishwe. Kwa mtumishi wa afya maana yake ni kwamba mafunzo ya faragha hayafanyiki mara moja yakaisha.

Jalada linapoitwa mahakamani

Watumishi wengi hudhani kwamba daktari, kama wakili, hawezi kulazimishwa kutoa siri mahakamani. Sivyo. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ya 1967, kwa kufuata mkondo wa sheria ya Kiingereza, inalinda mawasiliano kati ya wakili na mteja wake. Haitoi kinga kama hiyo kwa daktari na mgonjwa. Huko Uingereza jambo hili liliamuliwa tangu 1776, katika shauri maarufu la Duchess wa Kingston, ambapo daktari wa upasuaji alitakiwa kueleza aliyoyajua. Mahakama ikiamuru, daktari hujibu, na anapofanya hivyo hahesabiwi kuwa amevunja kiapo.

Lakini amri ya mahakama ni tofauti na barua ya wakili, simu ya ofisa au ombi la ndugu mwenye mgogoro wa mirathi. Barua ya wakili wa upande mmoja si amri. Ikifika, ipelekwe kwa uongozi wa kituo na kwa mwanasheria wa taasisi, na kwa kawaida ridhaa ya mgonjwa itafutwe kwanza. Wito wa mahakama ukifika, nakala yake itunzwe, na kitolewe kile tu kilichoombwa. Shauri likihusu mkono uliovunjika, historia ya afya ya akili ya miaka kumi iliyopita haina nafasi humo. Vivyo hivyo katika fomu ya polisi namba 3, maarufu kama PF3: mtumishi huandika majeraha na matokeo ya uchunguzi yanayohusu tukio, hageuzi fomu hiyo kuwa muhtasari wa jalada zima. Jambo likiwa nyeti mno, daktari anaweza kuiomba mahakama isikilize sehemu hiyo faraghani.

Upande wa mgonjwa anayedai haki nako kuna ugumu. Mwaka 2015 hospitali ya Royal Free ya London iliipa kampuni ya DeepMind taarifa za wagonjwa wapatao milioni 1.6, ili ijaribu programu ya kugundua mapema jeraha la ghafla la figo. Mwaka 2017 Kamishna wa Taarifa wa Uingereza alibaini kwamba wagonjwa hawakuelezwa vya kutosha, na kwamba hospitali ilikiuka sheria. Hata hivyo, madai yaliyofunguliwa mahakamani kwa niaba ya wagonjwa wote kwa pamoja yalikataliwa mwaka 2023, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha uamuzi huo Desemba 2024. Sababu ilikuwa kwamba taarifa za mgonjwa mmoja zilitofautiana na za mwingine, hivyo haikuwezekana kusema kwamba kila mmoja ana dai la namna moja. Kosa linaweza kugusa watu milioni, na bado kila mmoja akatakiwa kueleza jeraha lake peke yake. Ndiyo maana chombo cha kusimamia, chenye uwezo wa kuchunguza na kuagiza marekebisho, ni muhimu kwa mgonjwa asiye na fedha za wakili.

Biashara na taarifa za afya

Huduma ya afya sasa inapita katika mikono mingi ya kibiashara. Kampuni ya bima inahitaji kujua ugonjwa uliotibiwa ili ilipe madai. Mwajiri anayelipia matibabu angependa kujua kwa nini mfanyakazi hayupo. Mtengenezaji wa mfumo wa kompyuta huingia kwenye seva ili arekebishe hitilafu. Kila mmoja ana haja yake, na kila haja ina mpaka. Bima hupewa kinachohusu dai. Mwajiri hupewa cheti kinachoeleza siku za mapumziko na kazi ambazo mfanyakazi hawezi kuzifanya kwa muda. Ugonjwa wenyewe ni wa mgonjwa kuutaja akipenda. Fundi wa mfumo hufanya kazi chini ya mkataba wa maandishi unaosema anaruhusiwa kufika wapi, na data gani hatatoka nazo.

Gharama ya kupuuza mipaka hii imeonekana. Nchini Finland kampuni ya Vastaamo iliendesha vituo vya tiba ya kisaikolojia. Hifadhi yake ya taarifa haikulindwa ipasavyo, na mhalifu akaiba kumbukumbu za wagonjwa wapatao 33,000, zikiwemo zilizoandikwa wakati wa mazungumzo ya tiba. Oktoba 2020 alianza kuwaandikia wagonjwa mmoja mmoja akidai fedha ili asitangaze siri zao. Kampuni ilifilisika mwaka 2021, na mwaka huohuo ikatozwa faini ya euro 608,000. Mhalifu alihukumiwa 2024. Waliosoma siri zao zikisambazwa kwenye intaneti hawakuwa na pa kuzirudisha.

Si lazima janga liwe kubwa kiasi hicho. Mwaka 2023 Kamishna wa Data wa Kenya aliitoza shule moja shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Kituo cha afya kinachoweka mtandaoni picha ya mtoto aliyefanyiwa upasuaji wa mdomo, au ya mama aliyejifungua mapacha watatu, kwa nia ya kujitangaza, kinapaswa kujiuliza kama kina ridhaa iliyotolewa kwa hiari. Mgonjwa aliyelala kitandani akiombwa ruhusa na daktari anayemtegemea ana uhuru mdogo wa kukataa. Afadhali aombwe akiwa amepona, na aambiwe wazi kwamba kukataa hakutapunguza huduma yake.

Mambo ya kutekeleza kituoni

Mambo yafuatayo yanaweza kuanza hata pasipo bajeti mpya:

1. Kila mtumishi awe na nywila yake, na atoke kwenye mfumo anapoondoka. Nywila ya pamoja humfanya asiye na kosa ashirikiane lawama na mwenye kosa.

2. Mfumo uandike nani alifungua jalada, lini, na uongozi uikague orodha hiyo mara kwa mara. Panapotumika makaratasi, daftari la kutoa na kurudisha majalada lijazwe kwa jina la mtu, lisiishie kwenye jina la wodi.

3. Mgonjwa aitwe kwa namba au kwa jina pekee, bila kutaja kliniki wala dawa. Madirisha ya dawa yapewe nafasi kati ya anayehudumiwa na anayesubiri.

4. Picha ya eksirei au kidonda ikitumwa kwa mshauri, ifutwe jina, namba ya jalada na uso, itumwe kwa mhusika tu, kisha iondolewe kwenye simu.

5. Majadiliano ya wodini yafanyike kwa sauti ya chini, na ndugu waombwe kusubiri nje hadi mgonjwa aseme nani abaki.

6. Taarifa zikivuja, zisifichwe. Uongozi, Tume na mgonjwa wajulishwe mapema, ili madhara yapunguzwe yangali madogo.

Mambo ya kujua mgonjwa

Mgonjwa ana haki ya kuuliza kwa nini anaulizwa swali fulani na majibu yataandikwa wapi. Anaweza kuomba azungumze faraghani, kuona taarifa zake na kutaka makosa yarekebishwe. Kabla ya kutia saini fomu ya bima au ya ajira, aulize inaruhusu nani kusoma jalada lake na kwa muda gani. Akishuku kwamba siri yake imetoka, aandike tarehe, maneno aliyoyasikia na aliyeyasema wakati kumbukumbu bado mbichi, kisha alalamike kwa maandishi kituoni na kubaki na nakala. Asiporidhika, aende kwa Tume au kwa baraza la taaluma linalomsimamia mtumishi husika. Na jambo moja ni kubwa kuliko yote: asiache matibabu. Kukosa dozi humwadhibu aliyeonewa na kumwacha salama aliyekosea.

Hitimisho

Daktari wa Afrika Kusini alivunja siri kwa mdomo, hospitali ya Finland iliiacha wazi kwa mfumo, na agizo la Kenya lilitaka kuikusanya kwa nia njema. Katika mashauri yote matatu taarifa zilikuwa mikononi mwa watu waliokuwa na kazi halali. Kwa hiyo ulinzi wa faragha unaanza kwa mtumishi wa kawaida, siku ya kawaida, anapojiuliza kabla ya kufungua jalada: je, kazi yangu kwa mgonjwa huyu inanihitaji nijue jambo hili? Asipokuwa na jibu, alifunge.

Maswali ya kujadili

1. Katika kituo chenu, mgonjwa akiuliza nani alisoma jalada lake mwezi uliopita, mtaweza kumjibu? Nini kinakosekana?

2. Mwajiri anayelipia matibabu anapiga simu kuuliza kama mfanyakazi wake ana ugonjwa wa kuambukiza. Mtumishi ajibu nini, na ampeleke kwa nani?

3. Wakili analeta barua akiomba nakala ya jalada la marehemu kwa ajili ya shauri la mirathi. Hatua gani zichukuliwe kabla ya kutoa chochote?

4. Chagueni fomu moja mnayoijaza kila wiki. Ni sehemu gani zinahitaji jina la mgonjwa, na zipi zingetosha kwa namba?